Hivi hisabati tumizi vyuoni kwetu imebaki kuwa modeli za magonjwa tu?

#1 Jino la Msumeno
Wakuu salaam.

Nimeshinda maktaba leo napitia tasnifu za uzamili na PhD upande wa hisabati tumizi, natafuta mada ya kwangu. Nilichokuta: malaria, malaria, kipindupindu, UKIMWI, malaria na UKIMWI kwa pamoja, homa ya Bonde la Ufa, dengi, kimeta, malaria tena. Na zote ramani yake ni moja. Unawagawa watu makundi: walio hatarini, walioambukizwa, waliopona. Unaongeza kundi moja ambalo mwenzako hakuwa nalo, mfano waliopewa elimu. Unaandika milinganyo. Unathibitisha majibu hayaendi hasi. Unatafuta R0, yaani mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi. Ikiwa chini ya 1 ugonjwa unakufa, ikizidi 1 unabaki. Grafu kadhaa za MATLAB, ile programu ya hesabu. Sura ya mwisho: serikali iongeze elimu kwa umma.

Swali langu kwa wajuzi: kwa nini? Hatuna maji, umeme, foleni, samaki, mvua, fedha? Nani katuroga?

#2 Bwana Kaptula
Nimeweka kiti hapa, nasubiri wenye PhD za kipindupindu waje.

#3 Mama Delta
Umesahau uchambuzi wa unyeti, yaani kigezo kipi kikiguswa kinaitikisa R0 zaidi. Ile sura ya mistari ya bluu kushoto na kulia 😂

#4 Babu Vekta
Kijana, nimefundisha miaka mingi, nikujibu bila kuzunguka. Mwanafunzi wa kwetu hachagui mada, anachagua msimamizi. Na msimamizi anasimamia alichosomea. Aliyemsimamia yeye alikuwa mtu wa magonjwa, naye akazaa watu wa magonjwa, nao ndio hao leo wana vyeo vya kusimamia. Ukileta mada ya foleni za magari utazungushwa hadi useme basi nipeni malaria.

Halafu kuna la pili ambalo watu hawalisemi. Hii kazi haina gharama. Mwenzako wa kemia anasubiri kitendanishi kitoke nje, wewe unahitaji karatasi, kalamu na kompyuta mpakato iliyochoka.

#5 Chura wa Msimbazi
Babu Vekta, hapo kwenye ukoo sawa, ila ukoo ulianzaje? Ulianza na pesa. Fedha za utafiti zikija huku zimeandikwa AFYA kwa herufi kubwa. Ungekuwa wewe ungeandika andiko la ufadhili kuhusu nini, topolojia?

#6 Mwanamaji
Mnaidharau modeli ya malaria bila kujua ilikotoka. Ronald Ross aligundua huku huku Afrika kwamba mbu ndiye anayebeba malaria, akapewa Nobel, akatulia akaandika hesabu zake. Huu ni urithi wetu, sisi kuufanyia kazi si aibu.

#7 Kitabu Wazi
Mwanamaji, taratibu. Ross alimpasua yule mbu Secunderabad, India, Agosti 1897. Nobel 1902. Afrika Magharibi alikuja baada ya ugunduzi, Sierra Leone 1899. Hesabu zilikuja baadaye zaidi, na zile zinazonukuliwa sana zimo kwenye toleo la 1911 la kitabu chake cha kuzuia malaria.

Hoja yake ilikuwa ya ubishi. Wakubwa walimwambia kupunguza mbu ni kazi bure maana huwezi kuwamaliza wote. Akawaandikia milinganyo kuonyesha kwamba si lazima kuwamaliza. Ukiwashusha chini ya kiwango fulani malaria inazima yenyewe.

#8 Mwanamaji
India au Afrika, mbu ni mbu. Hoja ipo palepale.

#9 Kitabu Wazi
Mbu si mbu hata kidogo. Anopheles gambiae wa kwetu anamtafuta binadamu hata ng'ombe wakiwa wamefungwa jirani. Modeli ya India ukiileta Kilombero bila kubadilisha namba, utacheka.

#10 Bi Logi
Mwanamaji jiografia imemponyoka lakini hoja anayo. Ngoja niweke hesabu mezani.

Miaka ya 1950 George Macdonald alichukua kazi ya Ross akaitilia mkazo sehemu moja. Mbu akinyonya damu yenye vimelea haambukizi siku hiyohiyo. Vimelea vinahitaji takriban siku 10 kukua ndani yake hadi kufika kwenye mate. Kwa hiyo mbu sharti aishi hizo siku 10 kwanza. Kama uwezekano wa mbu kumaliza siku moja akiwa hai ni p, uwezekano wa kumaliza 10 ni p kwa kipeo cha 10. Akishavuka hapo, siku anazotarajiwa kuendelea kuishi ni 1 gawanya kwa logi asilia ya p (ondoa alama ya kutoa). Zidisha hizo mbili.

p ikiwa 0.9: kipeo cha 10 kinakupa 0.35, gawanya kwa 0.105, jibu 3.3.
p ikiwa 0.8: kipeo cha 10 kinakupa 0.107, gawanya kwa 0.223, jibu 0.48.

Uhai wa mbu wa siku moja umeshuka kutoka 90% hadi 80%, basi, na maambukizi yameporomoka karibu mara saba. Sasa linganisha na kumwaga dawa kwenye madimbwi ukaua nusu ya viluwiluwi: mbu wanabaki nusu, maambukizi yanabaki nusu. Ndiyo maana dawa ilipelekwa ukutani na baadaye kwenye chandarua, mahali mbu mzima anapotua. Chandarua unacholalia leo kina hesabu hii nyuma yake. Msiseme modeli hazijawahi kufanya kitu.

#11 Kisiki
Bi Logi hesabu safi, ila malizia hadithi. Kwa imani hiyohiyo WHO ilianzisha kampeni ya kutokomeza malaria duniani mwaka 1955, ikaikunja 1969, na sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara haikuingizwa kabisa. Hapa kwetu kulikuwa na mradi wa Pare-Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, 1954 hadi 1959. Nyumba zikapuliziwa dieldrin, dawa ya kuua wadudu. Malaria ilishuka lakini haikukatika.

Halafu Garki, kaskazini mwa Nigeria, 1969 hadi 1976: kupulizia dawa na kugawa vidonge kwa watu wengi, na bado maambukizi hayakukatika. Mbu wa kule walikuwa na tabia ya kuuma ndani na kwenda kupumzika nje. Ukuta wenye dawa hawakuugusa.

#12 Bi Logi
Na nani alieleza kwa nini Garki ilishindikana? Modeli. Dietz, Molineaux na Thomas, 1974, kwa takwimu za Garki yenyewe. Nguvu ya mbu kuambukiza ilikuwa juu ya kizingiti kwa umbali mkubwa kiasi kwamba hata ukiipunguza sana bado uko juu.

#13 Jino la Msumeno
Asanteni, najifunza. Lakini Bi Logi, hao ni Macdonald wa miaka ya 1950 na Garki ya 1974, nao walikuwa na namba zao walizozitoa shambani. Mimi nauliza kuhusu tasnifu niliyoishika leo. Yenyewe imeongeza nini kwa Macdonald zaidi ya herufi mbili za Kigiriki?

#14 Sina Haraka
Kuhusu namba, niwape kisa. Nilikuwa nasoma rasimu ya kijana mmoja. Kwenye jedwali la vigezo kuna kiwango cha maambukizi kutoka mbu kwenda kwa mtu, na pembeni kimewekewa chanzo. Nikafungua chanzo. Kinanukuu makala nyingine. Nikafungua hiyo, inanukuu nyingine ya nchi nyingine kabisa. Nikaendelea kushuka mpaka makala ya mwisho. Pale penye chanzo pameandikwa neno moja: imekadiriwa.

Si hilo tu. Katikati ya huo mnyororo kuna mmoja alikuwa anahesabu kwa mwezi. Aliyemfuata kachukua namba ileile, kaandika kwa siku. Wote waliofuata wamekopi kwa siku. Malaria ya huyo kijana ilikuwa inakimbia mara thelathini.

#15 Mama Delta
Mara thelathini 😂😂 Na R0 ikatoka?

#16 Sina Haraka
Ikatoka vizuri tu. Na mapendekezo yalikuwa yaleyale.

#17 Kaka Kokotoo
Mimi nilikuwepo kwenye utetezi mmoja. Jamaa kawasilisha kipindupindu cha wilaya fulani, nadharia zote zimethibitishwa, utulivu wa kimaeneo, utulivu wa jumla, fomula ya Lyapunov ya kuthibitisha utulivu imekaa vizuri. Mtahini wa nje alikuwa daktari, wala si mwanahisabati. Akavaa miwani, akasogea karibu na skrini, akauliza: "Hapa kilele cha wagonjwa ni milioni mbili na nusu. Wilaya yako ina watu wangapi?"

Ukumbi ulinyamaza mpaka tukasikia feni. Alifaulu, lakini kwa marekebisho makubwa.

#18 Mbwa Koko
Jino la Msumeno umesema zote ni ramani moja. Nakupa ya kwetu ambayo si ramani moja: kichaa cha mbwa, wilaya za Serengeti na Ngorongoro. Watafiti waliingia vijijini wakafuatilia mbwa mmoja mmoja, nani kamng'ata nani, lini, wapi, alikufa siku gani. Kutokana na huo mnyororo ndipo wakaipata R0, hawakuinukuu kwa mtu. Ikatoka chini, kati ya 1 na 2.

Sasa fuata hesabu. Kizingiti cha chanjo ni 1 toa 1 gawanya kwa R0. R0 ikiwa hata 2, unahitaji nusu ya mbwa. Mbona WHO wanasema chanja 70%? Kwa sababu mbwa wa kwetu hawaishi sana, waliochanjwa wanakufa, watoto wanazaliwa, na kampeni ni mara moja kwa mwaka. Unaanza na 70 ili mwaka ukiisha usiwe umeteleza chini ya kizingiti. Hiyo ni tasnifu ya ugonjwa pia. Shida si ugonjwa, wakuu, shida ni kumwandika mbwa ambaye hujawahi kumfuata.

#19 Bwana Kaptula
Jina lako na mada yako vimeoana, hongera mkuu.

#20 Mwana wa Thika
Salamu kutoka Kenya. Nyinyi mnalalamikia malaria? Huku kwetu gonjwa linaitwa MHD, hesabu za umajimaji unaopita kwenye uga wa sumaku. Kuna sahani inavutwa. Juu yake kuna maji yenye chembechembe ndogo sana za shaba. Uga wa sumaku unapita wima. Unachukua milinganyo ya Navier na Stokes ya mwendo wa umajimaji, unaibadilisha kuwa ya kigezo kimoja, unaitatua kwa kompyuta kwa njia ya Runge-Kutta, unachora kasi na joto. Mwanafunzi anayefuata anaongeza mnururisho. Anayefuata anainamisha sahani. Anayefuata anaipa sahani vinyweleo. Sahani imevutwa tangu Crane alipoitatua mwaka 1970, haijakatika.

Mimi mwenyewe nimeivuta, na ndiyo iliyonipa shahada. Mpaka leo nikiulizwa nyumbani inatumika wapi nasema viwandani.

#21 Chura wa Msimbazi
Kiwanda gani?

#22 Mwana wa Thika
Viwandani, mkuu. Usiniingilie.

#23 Mhandisi Mvuke
Na Olkaria iko hapo Naivasha, mvuke wa kweli unapanda kwenye miamba ya kweli yenye nyufa, na umeme wake unawasha taa za Nairobi. Joto, umajimaji, vinyweleo, kila kitu mnachokitaka kipo. Lakini sahani tu.

#24 Mwana wa Thika
Mwamba wenye nyufa hauna mlinganyo mmoja wa kupendeza. Utahitaji kompyuta kubwa, takwimu za visima, na mtu wa jiolojia wa kukuambia unakosea. Sahani haikuulizi kitu.

#25 Profesa Nusu
Wote mnazunguka mbuyu. Sababu ni vyeo. Mhadhiri Msaidizi ili awe Mhadhiri, Mhadhiri awe Mwandamizi, Mwandamizi awe Profesa Mshiriki, kote huko machapisho yanahesabiwa. Sasa angalia modeli moja ya ugonjwa inavyozaa. Makala ya kwanza: modeli bila udhibiti. Ya pili: modeli na udhibiti bora kwa kanuni ya Pontryagin. Ya tatu: unabadilisha derivativu ya kawaida unaweka ya Caputo ya oda isiyo namba kamili, mengine yote unaacha. Ya nne: unaongeza bahati nasibu. Familia nzima kutoka mama mmoja.

Mtu anayehangaika na foleni za Ubungo atakaa miaka anakusanya takwimu, atoke na makala moja. Mwenzake amekuwa Mwandamizi.

Sitaji majarida yanayopokea makala Jumatatu na kuichapisha Ijumaa ukishalipa. Orodha ya Jeffrey Beall iliyokuwa inayaanika iliondolewa mtandaoni Januari 2017, lakini yenyewe hayakuondoka.

#26 Kisiki
Naunga mkono hoja ya #25, ila haielezi kwa nini wanafunzi wa uzamili nao, ambao hawana cheo cha kutafuta.

#27 Profesa Nusu
Jina la mwanafunzi liko la kwanza, la msimamizi liko la pili. Imeeleza?

#28 Babu Vekta
Msiwe wakali kiasi hicho. Tasnifu ya uzamili ni leseni ya udereva, hakuna anayekuomba ufike nayo mwezini. Ninachotaka kuona ni kama kijana anaweza kujenga mlinganyo kutokana na maneno, akathibitisha kwamba una jibu, akautatua kwa kompyuta, na akaandika kurasa zinazosomeka kwa LaTeX. Ugonjwa unafaa kwa hilo kwa sababu kila mtu anauelewa. Sangara nao wangefaa, sikatai.

#29 Nahodha wa Ukerewe
Mzee shikamoo, na asante kwa kumtaja sangara. Hisabati ya samaki ndiyo ya zamani na tamu kuliko zote. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia uvuvi bahari ya Adriatiki ulipungua. Mwanabiolojia Umberto D'Ancona akatazama takwimu za masoko ya samaki akakuta jambo: sehemu ya samaki walao wenzao, papa na jamii yake, imepanda. Kwa nini kutovua kuwafae walaji kuliko wanaoliwa? Akampelekea swali Vito Volterra, baba mkwe wake. 1926 Volterra akatoa milinganyo miwili tu, mlaji na mliwa, na jibu likawa ndani yake.

Sasa Ziwa Victoria. Sangara waliingizwa miaka ya 1950, wakafumka miaka ya 1980, furu wa aina chungu nzima wakatoweka, viwanda vya minofu vikaja. Mlaji, mliwa, mvuvi, na soko la nje. Nani kati yenu ameandika hiyo?

#30 Sina Haraka
Zipo zilizoandikwa, Nahodha, tena si haba, zina mlaji na mliwa na mvuvi kama unavyotaka. Lakini nyingi ukifungua jedwali la vigezo, unarudi kwenye kisa changu cha #14.

#31 Kitabu Wazi
Nyongeza fupi kwa #29: Alfred Lotka alikuwa ameshatoa milinganyo hiyohiyo kwenye kitabu chake cha 1925, ndiyo maana inaitwa ya Lotka na Volterra. Na huyo Volterra mwaka 1931 alikataa kula kiapo cha utii kwa utawala wa Mussolini, akapoteza kiti chake chuo kikuu. Maprofesa waliokataa Italia nzima hawakuzidi kumi na kidogo.

#32 Bwana Kaptula
Siku hizi wangeapa, wakaomba na posho ya kikao.

#33 Afisa Takwimu
Mimi si mwanahisabati, niko upande wa takwimu za afya wilayani, naomba niseme kwa niaba ya wale mnaowaandikia mapendekezo. Kila mwezi kila kituo kinaleta taarifa zake, zinaingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya: waliopimwa malaria, waliokutwa nayo, umri, wajawazito. Hizo namba zina matundu. Kituo hakina vipimo wiki mbili, wagonjwa "wanapungua". Mvua inakata barabara, wagonjwa "wanapungua".

Mwanafunzi wa hisabati akija kwangu huwa ameshamaliza modeli, anataka namba za kubandika ili grafu ipite juu ya nukta. Nikimweleza habari ya vipimo kuisha anaona namchelewesha. Angekuja mwanzoni, hilo tundu lenyewe lingekuwa mada: ni wagonjwa wangapi hatukuwaona? Hilo bosi wangu angelisoma hata kwa usiku mmoja.

#34 Kaka Kokotoo
Afisa, tuje mwanzoni kwa miguu ipi? Nilifuata takwimu ofisi moja, nikaambiwa barua ya chuo. Nikaleta. Nikaambiwa kibali cha maadili. Nikaleta. Nikaambiwa mhusika yuko semina. Muhula ukaisha mhusika bado yuko semina. Nikarudi kwa msimamizi, akasema tumia za kwenye makala. Ndiyo hivyo nimeingia kwenye mnyororo wa Sina Haraka kwa hiari yangu.

#35 Afisa Takwimu
Hilo sibishi. Na sisi tukiitwa semina tunakwenda, posho si mnaijua.

#36 Binti Kaskazini
Nawasalimu kutoka Sweden. Nimepitia ule utaratibu wa PhD nusu huku nusu nyumbani, unaofadhiliwa na Wasweden. Ninachoweza kusema ni kwamba mada inafuata msimamizi hata huku, Babu Vekta yuko sahihi. Tulipopangiwa watu wa hisabati ya fedha tukatoka na hisabati ya fedha. Hakuna aliyeniuliza kama nyumbani kuna soko la chaguo za hisa la kutosha kuzipigia hesabu. Tofauti niliyoiona ni moja: semina ya kila wiki. Unasimama na kazi isiyokamilika, mtu wa idara nyingine anakuuliza swali la kijinga, unagundua si la kijinga. Nyumbani tulikuwa tunasimama mbele za watu siku ya utetezi tu.

#37 Chura wa Msimbazi
Kwa hiyo wafadhili. Nilisema #5.

#38 Binti Kaskazini
Sijasema wafadhili, nimesema msimamizi. Soma vizuri kaka.

#39 Abiria wa Kimara
Mimi nilijaribu kutoka kwenye malaria. Mwendokasi. Tangu mabasi yaanze Mei 2016 mimi ni abiria, nimesimama kituoni Kimara asubuhi nikiona mabasi mawili yanafuatana matupu kuelekea depo na watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Hiyo ni nadharia ya foleni ya kitabu: abiria wanafika kwa kasi fulani, mabasi yanafika kwa mafungu badala ya kwa nafasi sawa. Mabasi yakija kwa mafungu, wastani wa kusubiri unapanda hata kama idadi ya mabasi haijapungua. Mfano, yakija mawili kila dakika 10 yakiwa yamepishana dakika 5, unasubiri wastani wa 2.5. Yakija mawili kwa pamoja kila dakika 10, unasubiri 5. Mabasi yaleyale, dereva walewale.

Nilikaa kituoni na daftari, nikaandika muda wa kila basi mpaka mlinzi akaja kuuliza naandika nini na nani kanituma. Nilipowasilisha pendekezo idarani nikaambiwa: hii ni ya wahandisi, theoremu iko wapi?

#40 Bi Logi
Hiyo 2.5 na 5 ni sahihi, na inathibitishika kwa mstari mmoja. Theoremu ipo: muda wa kusubiri unategemea wastani wa mraba wa nafasi kati ya mabasi, si wastani wa nafasi peke yake. Ungewaandikia hivyo kwa herufi za Kigiriki wangepitisha.

#41 Abiria wa Kimara
Dada ungekuwepo siku ile.

#42 Dogo wa Mwaka wa Kwanza
Shikamooni wakubwa. Samahani natoka nje ya mada kidogo. Niko mwaka wa kwanza, napenda sana kubaki chuoni kufundisha. Ni kweli GPA lazima ifike 3.8? Na je kweli kuna watu walipata sapu ya uchambuzi halisi wakapona?

#43 Mama Delta
Marahaba. 3.8 shahada ya kwanza ndiyo uwe Mkufunzi Msaidizi, na uzamili 4.0 ndiyo usogee Mhadhiri Msaidizi, huo ndio mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Uchambuzi halisi usilale nao na desa la kaka yako wa mwaka wa tatu, thibitisha mwenyewe kwa mkono. Na boom likiingia nunua kitabu kabla ya kiatu.

#44 Bwana Kaptula
Dogo usimsikilize, nunua kiatu. Kitabu kipo kwenye flashi ya kila mtu.

#45 Kisiki
Turudi kwenye mada. Hakuna aliyetaja 2020. Kabla ya korona ukimwambia mtu R0 anakuona umechanganyikiwa. Ghafla kila redio inaitaja, na kila idara ya hisabati duniani, siyo ya kwetu tu, ikaandika modeli ya korona. Kwa hiyo Jino la Msumeno, tuseme Wazungu nao wamerogwa?

#46 Jino la Msumeno
Wao walirudi kwenye mambo yao. Sisi tulikuwa huko kabla na tumebaki huko baada.

#47 Kitabu Wazi
Na ile modeli yenyewe ya makundi matatu ina historia ambayo wanafunzi wanaoinukuu hawaijui. Kermack na McKendrick, 1927. McKendrick alikuwa daktari wa jeshi aliyefanya kazi India. Kermack alikuwa mkemia, akapofuka macho yote mwaka 1924 kwa mlipuko wa maabara huko Edinburgh, akiwa na miaka 26. Hesabu zake baada ya hapo alizifanya kichwani, akisomewa na wengine. Na waliilinganisha modeli na vifo vya tauni Bombay, 1905 hadi 1906, wiki kwa wiki. Makala ya kwanza kabisa ya ukoo huu ilikuwa na takwimu za kweli ndani yake.

#48 Profesa Nusu
Alikuwa hatafuti kupanda cheo.

#49 Babu Vekta
Kila mtu anatafuta kupanda cheo, Profesa Nusu, hata wewe jina lako linasema.

Jino la Msumeno, umeuliza mada wala hujajibiwa. Nenda kamwone huyo Afisa wa #33 kabla hujamwona msimamizi. Mwambie unataka kujua vituo vinavyokosa vipimo vinaficha wagonjwa wangapi. Msimamizi wako ataona malaria kwenye kichwa cha habari, atasaini.

#50 Jino la Msumeno
Yaani suluhisho la malaria nyingi ni malaria nyingine 😂 Afisa, naomba nikufuate faraghani.

#51 Afisa Takwimu
Karibu. Njoo na barua ya chuo.

#52 Kaka Kokotoo
Yaleyale.

#53 Mpita Njia
Wakuu uzi umenoga. Nani ana tasnifu ya kipindupindu yenye msimbo wa MATLAB nyuma? Nina wiki moja. Nikipata wa Octave pia si mbaya, leseni ya chuo imeisha.